Mzee wa kofia nyekundu na ile regulata tuliyofungua Makutano

Kabla nikuambie habari za Mfaransa mmoja aliyekufa mwaka ambao huenda hata hukuwa umezaliwa, acha nikupeleke kwanza Makutano, hapa Meru, kwenye kibanda cha mjomba wangu. Mjomba hutengeneza meko ya gesi, vali, na kile kidude cha kuzungusha juu ya mtungi ambacho sote huita regulata. Mimi niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili wa ufundi mitambo. Karo iliisha, hamu ikaisha, na tangu hapo huwa naandika mtandaoni, na siku ambazo hakuna cha kuandika namshikia mjomba spana.

Sasa siku moja binamu yangu wa upande wa Embu, kule Mbeere chini karibu na bwawa la Kiambere, akashuka kwenye matatu na mkoba mgongoni. Alikuwa amepitia Embu mjini, Runyenjes, Chuka, mwendo mzima, na huo mkoba hakuuachilia hata dakika moja. Ndani mlikuwa na regulata, lakini si ya jikoni. Ilikuwa ya kupigia mbizi, aliyouziwa na jamaa aliyewahi kufanya kazi na watalii Pwani. Kipande cha chuma kizito cha kufunga kwenye mtungi, mpira mrefu mweusi, na mwisho wa mpira ile sehemu ya kuuma kwa meno.

Alitaka mjomba aifungue, aisafishe, aweke mipira mipya na grisi. Kisha, hapo ndio nilishtuka, alitaka mtungi ujazwe upepo pale wanapoziba pancha.

Usimcheke. Nikuambie kwa nini anaitaka. Mto Tana kule kwao umejengewa mabwawa matano mfululizo: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Sehemu ya umeme wako hutoka huko. Mtu akizama kule, kabla ya wapiga mbizi wa serikali kufika, ni vijana wa kijiji wanaoingia. Wanaingia na kaptula tu. Wanavuta pumzi, wanashuka kwenye maji ya rangi ya chai ya maziwa, wanapapasa tope kwa mikono na miguu, wanapanda kuvuta pumzi, wanashuka tena. Familia imekaa kwenye mawe inangoja. Inaweza kuwa siku mbili, inaweza kuwa tano. Na humo mna mamba na viboko. Binamu yangu ni mmoja wa hao vijana. Amechoka kupapasa kwa nusu dakika halafu kurudi juu mikono mitupu huku mama ya mtu akimwangalia.

Mjomba aliishika ile regulata, akaigeuza, akaipima uzito kwa mkono, akauliza ni nani alitengeneza kitu safi hivi. Hakuna aliyejua. Usiku huo nikaenda kutafuta, na ndio nikakutana na Jacques-Yves Cousteau. Tamka Kusto. Labda babu yako anamkumbuka kwenye televisheni ile ya chaneli moja: mzee mwembamba, pua ndefu, kofia ya sufi nyekundu, amesimama kwenye meli nyeupe.

Alizaliwa tarehe 11 Juni 1910 katika mji mdogo unaoitwa Saint-André-de-Cubzac, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Mtoto mgonjwamgonjwa lakini mkorofi. Shule moja ilimfukuza kwa kuvunja madirisha. Akiwa na miaka 13 alijinunulia kamera ya sinema kwa akiba yake, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuifungua yote vipande vipande aone ndani kukoje. Wewe na mimi tunawajua watoto wa aina hiyo. Redio ya nyumbani haikai salama.

Kupiga mbizi hakuanzia baharini. Familia iliishi Marekani kwa muda, na kwenye kambi ya watoto huko Vermont mwalimu mmoja alimpa kazi ya kutoa matawi yaliyooza chini ya ziwa. Maji ya ziwa, tope, giza, hakuna miwani. Binamu aliposikia hapo aliketi vizuri.

Mwaka 1930 Cousteau akaingia chuo cha jeshi la majini. Ndoto yake ilikuwa kuwa rubani, si mtu wa chini ya maji. Mwaka 1936, usiku, kwenye barabara ya milimani, taa za gari lake zikazima. Ajali. Mikono yote miwili ikavunjika, na daktari akataka kuukata mmoja. Alikataa. Alifanya mazoezi ya miezi hadi vidole vikaanza kutii, na urubani ukaishia hapo. Hao wenzake wa darasa la urubani, wengi walikuja kufa vitani. Mwanajeshi mwenzake, Philippe Tailliez, akamshauri aogelee baharini Toulon ili mikono ipate nguvu, na siku moja akavaa miwani ya majini kwa mara ya kwanza. Alipoinamisha uso akaona mawe, majani ya bahari, samaki. Akiinua uso, anaona basi na watu barabarani. Akiinamisha, dunia nyingine. Basi huyo akapotea, hakurudi tena.

Mwaka uliofuata alimwoa Simone Melchior. Shika hilo jina, nitalirudia.

Shida yake ilikuwa ile ile ya vijana wa Kiambere: pumzi inaisha. Na suluhisho lake la kwanza lilikuwa jua kali tupu. Fundi wa silaha kwenye meli aliyokuwa akihudumu alimtengenezea kifaa kwa kopo la kinyago cha gesi, chupa ndogo ya oksijeni, na kipande cha tyubu ya pikipiki. Ndio, tyubu ya pikipiki, kama ile iliyofungia mzigo kwenye boda iliyokupita asubuhi. Kopo lilikuwa na dawa ya kunyonya hewa chafu anayotoa, oksijeni inaongezwa kidogo, na mtu anavuta hiyo hiyo tena na tena. Kilifanya kazi. Alishuka kama mita 14, akaanza kutetemeka mwili mzima, midomo ikamkataa, fahamu zikaenda. Aliponea kwa kuangusha mkanda wa vyuma vya uzito, akaelea. Akarekebisha kifaa, akarudi mara ya pili, yakampata yale yale, na safari hii karibu asiweze kuufikia mkanda.

Kifaa hakikuwa kimeharibika, na hapo ndipo penye funzo la kiufundi. Tatizo ni oksijeni yenyewe. Ukiivuta tupu chini ya presha ya maji, inageuka sumu ya ubongo, na haikupi onyo la maana. Leo kila mwanafunzi wa mbizi anajua hilo siku za mwanzo. Yeye alilijua kwa kukaribia kufa mara mbili.

Kwa hiyo akataka hewa ya kawaida, iliyoshindiliwa kwenye mtungi, na kitu cha kumpa hiyo hewa anapoihitaji peke yake. Si wazo jipya. Miaka ya 1860 mhandisi wa migodi Benoît Rouquayrol, pamoja na Auguste Denayrouze, walikuwa tayari na vali ya namna hiyo, ila mitungi ya zama zao haikubeba presha ya kutosha. Yves Le Prieur naye alikuwa na mtungi ambao mpiga mbizi alifungua hewa kwa mkono, ikapotea bure. Na kuna kijana, Georges Commeinhes, aliyekuwa na regulata yake yenye hataza kabla ya Cousteau. Aliuawa vitani 1944. Ndio maana hujawahi kumsikia.

Turudi kwa Simone. Baba yake alikuwa ofisa wa ngazi za juu wa jeshi la majini, kisha akawa mkubwa katika kampuni ya gesi ya Air Liquide. Kupitia yeye, Desemba 1942, Cousteau akapelekwa Paris kwa mhandisi wa kampuni hiyo, Émile Gagnan. Ufaransa ilikuwa chini ya Wajerumani, petroli hakuna, na watu walikuwa wanaendesha magari kwa gesi. Gagnan alikuwa ametengeneza vali ndogo inayoipa injini gesi kulingana na inavyovuta. Cousteau alipomweleza shida yake, Gagnan akachukua kile kidude mezani na kumwonyesha.

Nilipomsomea mjomba hapo aliacha kazi. Kwamba kifaa ambacho mamilioni ya watu wamepumulia chini ya bahari ni mtoto wa vali ya gesi! Alitembea kibandani kama mtu aliyegundua ana ndugu tajiri Ulaya.

Januari 1943 wakaenda kukijaribu kwenye mto Marne, nje ya Paris, maji baridi ya kukata. Cousteau akiogelea amelala, hewa inakuja vizuri. Akisimama wima, hewa inatoka yenyewe kwa fujo, mtungi unaisha. Akigeuka kichwa chini, hewa haiji. Walirudi mjini wamenuna. Kabla hata hawajafika, wakapata jibu, na ningependa ulielewe kwa sababu ndio moyo wa regulata yoyote hadi leo.

Ndani ya regulata kuna ngozi ya mpira kama ngozi ya ngoma. Upande mmoja inasukumwa na maji, upande wa pili kuna hewa unayovuta. Ukivuta, ngozi inabonyea, inasukuma mkono mdogo wa chuma, vali inafunguka. Ukiacha, springi inafunga. Sasa pale Marne, hewa ya kutoka ilikuwa na mlango wake juu kidogo ya ile ngozi mtu akisimama, tofauti ya kama sentimita 15. Sentimita 15 za maji ni presha ndogo sana, lakini zilitosha: mlango wa juu ulikuwa na presha ndogo kuliko ngozi, basi hewa ikakimbilia huko yenyewe. Dawa yake? Wakasogeza mlango wa kutokea ukae pamoja na ngozi, kimo kimoja. Kwisha. Walijaribu kwenye tangi la maji Paris, ikakubali pande zote.

Juni 1943 kifurushi kikafika kwa treni hadi Bandol, pwani ya kusini. Simone alielea juu ya maji na kioo cha uso akimwangalia mumewe. Rafiki yao Frédéric Dumas, mwogeleaji bora kuliko wote, alibaki ufuoni tayari kuruka mambo yakiharibika. Hayakuharibika. Cousteau alishuka, akajipindua, akasimama kwa kichwa, akazunguka, na hewa ikaja tu. Kiangazi hicho walipiga mbizi mamia ya mara. Kumbuka ni vita, chakula ni cha mgao, na hawa wanachezea baharini. Kakake mwenyewe, Pierre-Antoine, alikuwa mwandishi aliyewaunga mkono Wanazi na baada ya vita alihukumiwa kifo, ingawa hakuuawa. Familia si kitu rahisi.

Sasa tusimame kidogo, kwa sababu mjomba alikuwa ameshafungua upande mmoja.

Alianza na sehemu ya mdomoni. Ngozi ya mpira ilikuwa na mpasuko mdogo ukingoni. Ukiitazama hivi huoni, ukiinyoosha unaona mwanga. Kwa meko hiyo ingekuwa harufu kidogo ya gesi na dirisha kufunguliwa. Chini ya maji ni maji ya tope unayoyavuta badala ya hewa. Kisha akatazama chujio ndogo kwenye mdomo wa kile chuma kizito. Inafaa kuwa ya rangi ya fedha. Hii ilikuwa ya kijani. Kijani maana yake maji ya chumvi yaliingia ndani na shaba imeanza kuliwa. Jamaa wa Pwani aliosha bila kufunika kile kifuniko cha vumbi, au alibonyeza kitufe cha kusukuma hewa wakati wa kuosha, maji yakapenya.

Mjomba hapo akaweka bisibisi chini. Akasema chuma kile hafungui. Mimi nilidhani anaogopa tu. Lakini alitueleza kwa hesabu ambayo hata mimi wa chuo sikuwa nimeifikiria. Mtungi wa mbizi ukijaa huwa na presha ya kama baa 200. (Baa ni kipimo, si pale unapoenda Ijumaa.) Tairi ya gari dogo ni baa mbili na kitu. Mtungi wako wa jikoni kwa kawaida haufiki kumi. Kile chuma kizito ndicho kinachoshusha hizo 200 hadi kama kumi tu juu ya presha ya maji uliyomo, na kinafanya hivyo kwa kiti kidogo cha plastiki ngumu na pete za mpira, zile tunaita oringi, kila moja kwa saizi na aina yake. Kiti kikiwa na mkwaruzo, presha inapanda polepole huku ukiwa hujui. Kuijua unahitaji geji ya kupimia presha ya kati, unahitaji kiti kipya cha modeli ile ile, na unahitaji kuwa umefundishwa modeli hiyo. Oringi ya karibu kufanana si oringi. Na grisi si mafuta ya kujipaka wala ya kupikia. Mafuta ya petroli hula baadhi ya mipira, na kwenye vifaa vya oksijeni nyingi yanaweza kuwaka.

Cha nyumbani kipo, usidhani hakuna. Loweka kwa maji safi, kifuniko kikiwa kimekazwa, usibonyeze kitufe. Anika kivulini. Kagua mpira kama una nyufa, hasa pale unapoingia kwenye chuma. Kagua sehemu ya kuuma kama meno yameikata. Kisha funga kifuniko, vuta hewa kwa mdomo: ikishikilia bila kuingiza hata kidogo, upande huo hauvuji. Ya kwetu ilipitisha upepo kama filimbi.

Halafu kuna suala la kujaza upepo kwa mtu wa pancha, na hapa ndipo maisha ya Cousteau yaliponisaidia kubishana na binamu.

Agosti 1946, Cousteau na Dumas walikwenda kwenye chemchemi ya Vaucluse, shimo la maji kwenye pango kusini mwa Ufaransa ambalo hakuna aliyejua kina chake. Juu aliachwa Maurice Fargues ameshika kamba. Walishuka zaidi ya mita 40 kwenye giza, na huko chini akili zikaanza kuwahama. Dumas akawa kama mlevi, sehemu ya kuumia ikamtoka mdomoni, akameza maji. Cousteau, mwenyewe kichwa kinauma na hafikiri sawa, alilazimika kumbeba na kupanda ukuta wa mwamba kwa kamba. Fargues aliposhindwa kuelewa mitikisiko ya kamba aliendelea kuwapa kamba badala ya kuvuta. Walitoka nusu wafu.

Kwanza walidhani ni kina tu, kwamba naitrojeni imewalevya. Waliporudi wakapima hewa iliyobaki kwenye mitungi. Kompresa yao mpya ilikuwa inavuta moshi wa injini yake yenyewe. Walishuka pangoni na kaboni monoksidi mgongoni.

Unaijua hiyo gesi. Unaijua kwa jina lingine: ni ile ya jiko la makaa lililoingizwa chumbani Julai, mlango umefungwa kwa sababu ya baridi ya mlima, na asubuhi majirani wanavunja mlango. Haina harufu. Haina rangi. Na chini ya maji ni mbaya zaidi, kwa sababu mita 50 chini presha ni mara sita ya juu, basi kiasi kidogo ambacho ufuoni kingekuumiza kichwa, kule kinakupiga mara sita.

Kwa hivyo kompresa ya pancha, yenye mafuta ndani na bomba la moshi la jenereta mita moja kutoka inapovutia hewa, hapana. Tena hata haifiki. Inatoa kama baa nane. Mtungi wa lita 12 kwa baa nane ni karibu lita 96 za hewa. Mtu anayefanya kazi huvuta kama lita 20 kwa dakika akiwa juu, na akiwa mita kumi chini ni 40. Piga hesabu: dakika mbili na kitu, na kabla ya hapo regulata yenyewe ingekuwa imekataa kwa kukosa presha. Binamu alipiga hesabu mara mbili kwenye simu. Hakufurahi.

Fargues, yule wa kamba, alikufa Septemba mwaka uliofuata. Walikuwa wanajaribu kina gani mtu anaweza kufika na hewa ya kawaida. Aliandika jina lake kwenye kibao kilichofungwa mita 120 chini, na walipomvuta juu sehemu ya kupumulia ilikuwa inaning'inia kifuani. Walijaribu kumfufua kwa saa nyingi. Hakuamka. Mimi nikisoma sifa za Cousteau huwa narudi hapo, kwa sababu hekaya huongelea mtu aliyeshinda bahari, na wale walioishika kamba wanabaki mstari mmoja.

Mengine ya maisha yake nitayapitia haraka, yamejaa kila mahali. Mwaka 1950 tajiri Mwingereza alimpa kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka meli kuukuu ya kufagia mabomu ya majini, iitwayo Calypso. Simone aliuza vito vyake kusaidia kuiandaa na akaishi humo kuliko mumewe. Kwa hiyo meli walifika hadi Bahari ya Hindi, visiwa vya Shelisheli, ambako walipiga sehemu ya filamu yao ya Ulimwengu wa Kimya. Ilishinda tuzo kuu ya Cannes 1956, na Oscar baadaye. Ukiitazama leo utashtuka. Wanalipua mwamba wa matumbawe kwa baruti ili wahesabu samaki, wanaua papa kwa hasira, wanapanda juu ya kobe. Yeye mwenyewe baadaye alibadilika, akapigana na utupaji wa taka za nyuklia baharini mwaka 1960, akaanzisha shirika la kutetea bahari 1973, akasaidia kuzuia uchimbaji wa madini Antaktika. Mwaka 1963 watu wake waliishi mwezi mzima kwenye nyumba chini ya Bahari ya Shamu, Sudan, na mabaki ya kambi ile bado yapo. Mwanawe Philippe, aliyekuwa mrithi wake, alikufa 1979 kwenye ajali ya ndege ya majini huko Lisbon. Simone akafariki 1990. Ndani ya miezi ikajulikana mzee alikuwa na mwanamke mwingine na watoto wawili kwa miaka. Calypso ilizama Singapore 1996 baada ya kugongwa na tishari. Yeye akaifuata tarehe 25 Juni 1997, Paris, miaka 87.

Na Gagnan? Mwaka 1947 alihamia Montreal, Kanada, akaendelea kubuni regulata moja baada ya nyingine. Hakuwa mtu wa kamera. Muulize mtu yeyote Kenya kama anamjua.

Lakini kazi ya mikono yao imefika kwetu. Kati ya 1977 na 1980 wapiga mbizi walichimbua chini ya ngome ya Fort Jesus, Mombasa, meli ya Wareno iliyozama 1697, Santo António de Tanna, wakiwa na vali za ukoo huo huo midomoni. Na Septemba 2019, gari lilipoteleza kutoka kwenye feri ya Likoni, nchi nzima tulikaa mbele ya televisheni karibu wiki mbili tukingoja wapiga mbizi waifikie, mita 58 chini. Watu walitukana wakisema wanachelewa. Mimi pia nilisema. Sasa nikijua presha ya mita 58 na giza la kivuko kile, ningenyamaza.

Kitu kingine kimoja ambacho binamu hakutarajia: bwawa la Masinga liko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Jedwali za kupandia taratibu, zile zinazozuia damu kujaa viputo, zilitengenezwa kwa watu wa baharini. Ukipiga mbizi bwawani kwetu unazirekebisha kwa sababu hewa ya huku ni nyepesi. Hiyo nayo hufundishwa darasani, si kibandani.

Tulibishana hadi saa nne usiku. Binamu aliuliza swali moja zuri: kama Cousteau alianza na tyubu ya pikipiki, mbona yeye akatazwe? Mjomba alimjibu kwamba Cousteau alikuwa na Dumas ufuoni, Simone juu ya maji, kampuni nzima ya gesi nyuma yake, na bado Fargues alikufa. Binamu alinyamaza, si kwa kukubali, kwa kuchoka.

Regulata ipo kwenye rafu ya mjomba hadi leo, imefungwa kwa kitambaa safi ndani ya mkebe, na ngozi iliyopasuka imebandikwa juu kwa selotepu ili kila anayeingia aulize. Binamu anaweka akiba ya kozi Pwani, na kuipeleka ile chuma kwa fundi mwenye vyeti vyake. Si pesa kidogo. Mwezi uliopita alinipigia simu kutoka Kiambere, upepo mwingi nyuma yake. Mvuvi mmoja alikuwa amezama. Alikuwa ameingia na wenzake kama kawaida, kaptula na pumzi moja moja. Walimpata siku ya tatu, mita nne tu kutoka pale walipoanzia.